Isimfikie Asiyehusika, Imfikie Anayehusika

Hotuba kwa wahudumu wa kliniki na vituo vidogo vya tiba. Imewekwa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Ndugu madaktari, wauguzi, watu wa maabara na wa dirisha la dawa, na ninyi wa mapokezi ambao kwenye mikutano kama hii huwa mnakalishwa viti vya nyuma: sogeeni mbele. Hotuba ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ukumbini.

Nianze na swali. Mgonjwa amekuja na homa, ameonwa, amepimwa damu, amepewa dawa, ameondoka. Habari zake zimepita mikononi mwa watu wangapi? Hesabuni nami. Mapokezi wameandika jina. Karani wa masijala ametafuta faili. Muuguzi amepima joto, presha na uzito. Daktari amesikiliza na kuandika. Maabara wamepokea fomu na sampuli. Mtu mwingine amerudisha majibu. Daktari ameyasoma, ameandika tena. Dirisha la dawa wamesoma cheti. Karani wa malipo ameona jina la ugonjwa kwenye fomu ya bima. Jioni faili limerudishwa kabatini. Ni makabidhiano tisa, na hiyo ni homa tu.

Tukizungumzia taarifa za wagonjwa, watu wengi huwaza kitu kimoja: siri. Isivuje. Sawa, isivuje. Lakini kuna upande wa pili ambao unaumiza watu kimyakimya, nao ni taarifa kutomfikia mtu aliyepaswa kuipata. Majibu yaliyolala kwenye droo. Mzio ulioandikwa kwenye faili ambalo leo halikufunguliwa. Barua ya rufaa isiyotaja dawa anazotumia mgonjwa. Kituo kinaweza kuwa na makabati yenye kufuli mbili na bado kikamdhuru mgonjwa kwa sababu habari zake hazikusogea. Kwa hiyo kila ninachosema leo kina pande hizo mbili: isimfikie asiyehusika, imfikie anayehusika. Na pande zote mbili huharibikia mahali pamoja, pale habari inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Tuanzie mapokezi, kwa sababu kosa la mapokezi hakuna anayeweza kulisahihisha huko mbele. Daktari hodari akipewa faili la mtu mwingine, uhodari wake wote unafanya kazi kwa mtu asiyekuwepo.

Tuchukue mfano. Wanawake wawili wana jina la kwanza moja na jina la ukoo moja. Mmoja ana mzio wa penisilini. Miaka mitatu iliyopita alivimba uso na kubanwa na pumzi, ikaandikwa kwa wino mwekundu kwenye jalada. Leo amekuja anaumwa koo. Foleni ni ndefu. Karani ameandika jina kwenye kompyuta, likatokea moja, akauliza, "Wewe ndiye fulani wa mwaka 1984?" Mgonjwa, mwenye homa na koo lililovimba, akaitikia kwa kichwa. Faili lililokwenda kwa daktari ni la yule mwingine. Halina wino mwekundu. Akaandikiwa amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini.

Nani amekosea hapo? Mgonjwa aliitikia, ndiyo. Lakini swali lenyewe lilikuwa mtego. Mtu mgonjwa, mzee asiyesikia vizuri, mtu mwenye haraka, wote huitikia. Kanuni ni fupi: usimtajie mgonjwa taarifa zake athibitishe, mwache azitaje yeye. "Tafadhali nitajie majina yako kamili. Ulizaliwa lini?" Vitambulisho viwili, kila mara, hata kama unamjua, hata kama ni jirani yako. Namba ya chumba au namba ya foleni si kitambulisho cha mtu, maana huhama.

Na pale tarehe ya kuzaliwa haijulikani? Hapo vituo vingi huandika tarehe 1 Januari na mwaka wa kukisia. Inaeleweka, ila matokeo yake ni kwamba baada ya muda una watu mia wenye tarehe moja, na tarehe hiyo haitofautishi mtu yeyote. Weka alama kwamba ni ya kukisia, kisha ongeza kitambulisho kingine: jina la mama, namba ya simu, mtaa anaoishi. Kwa pacha kuwa mwangalifu mara mbili: tarehe moja, ukoo mmoja, simu ya mama mmoja, na mara nyingi majina yanayokaribiana. Faili la kila pacha liandikwe juu kabisa "ana pacha".

Kosa linalofuatana na hilo ni kufungua faili jipya kwa mtu ambaye tayari analo. Hutokea hivi: mgonjwa ameacha kadi nyumbani, karani ameandika jina kwa tahajia nyingine, kompyuta imesema hayupo, basi anasajiliwa upya. Sasa historia yake iko vipande viwili, presha kipande kimoja, kisukari kipande kingine. Kabla ya kusajili mtu mpya, tafuta mara tatu kwa njia tatu: herufi tatu za mwanzo za jina la ukoo pamoja na tarehe ya kuzaliwa, kisha namba ya simu, kisha jina la kwanza na mtaa. Muulize pia kama amewahi kubadili jina kwa ndoa au kwa dini. Ukigundua mafaili mawili ya mtu mmoja, usilifute hata moja. Yaunganishwe na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, kwa utaratibu, na namba ya zamani iachwe ikielekeza kwenye mpya.

Bado tuko mapokezi. Sauti. Je, mmewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa la kituo chenu kwa dakika kumi na kusikiliza tu? Kaeni. Mtasikia nani amekuja kwa uzazi wa mpango, nani anakojoa kwa maumivu, nani bima yake imekataliwa. Karani hana nia mbaya. Dirisha liko juu, mgonjwa hasikii, karani anapaza sauti, mgonjwa naye anajibu kwa sauti hiyohiyo. Tiba yake si kumwambia karani "punguza sauti". Chora mstari sakafuni hatua tatu nyuma ya dirisha, anayesubiri asimame hapo. Sogeza benchi la kwanza mbali. Washa redio upande wa wagonjwa, si upande wa karani. Geuza kioo cha kompyuta kisionekane kutoka dirishani. Weka vikaratasi ambavyo mgonjwa anaweza kuandika sababu iliyomleta, na vikusanywe. Nimeeleza jambo hili mahali pengi, na mara nyingi kinachosahauliwa ni hicho cha kukusanya, vikaratasi vinabaki mezani hadi jioni.

Lakini angalieni upande wa pili. Kuna vituo vilivyoogopa sauti mpaka mapokezi hawaulizi chochote, na mtu mwenye maumivu ya kifua anakaa foleni saa mbili nyuma ya watu wa mafua. Mapokezi lazima waulize. Waulize kwa namna isiyomlazimu mgonjwa kusimulia: "Kuna lolote kati ya haya?" huku wakimwonyesha karatasi yenye dalili za hatari: maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kutokwa damu nyingi, mjamzito anayetokwa damu au mwenye kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, mtoto aliyepata degedege au asiyenyonya, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole, na akionyesha, foleni imekwisha kwake: anaingia sasa hivi.

Simu ni mapokezi pia. Anayepiga hujamwona uso. Mwache ataje mwenyewe vitambulisho, na kama ni jambo la majibu au ugonjwa, kata umpigie kwenye namba iliyomo ndani ya faili. Asipopokea, ujumbe unaoachwa ni mmoja tu: jina la mpigaji, namba, na ombi la kupiga. Hata jina la kliniki lifikiriwe, kama kliniki yenyewe inajulikana kwa ugonjwa fulani.

Sasa twende kwenye faili lenyewe.

Faili limeandikwa kwa ajili ya nani? Waandishi wengi wa mafaili hujiandikia wenyewe. Anaandika "aendelee na dawa" kwa sababu kesho yeye ndiye atakayemwona mgonjwa na anakumbuka ni dawa gani. Kesho anaumwa malaria. Anakuja daktari wa zamu, anasoma "aendelee na dawa", na mgonjwa ameacha vidonge nyumbani. Anakumbuka ni vyeupe, vya duara. Vidonge vyeupe vya duara viko vingapi duniani?

Mwaka 1968 daktari wa Marekani aitwaye Lawrence Weed alichapisha hoja kwamba rekodi ipangwe kufuata matatizo ya mgonjwa, na kutoka kwenye kazi yake ndiyo tumepata mpangilio ambao wengi wenu mliufundishwa darasani: alichosema mgonjwa, tulichokiona na kukipima, tunachodhani, tutakachofanya. Mistari minne inatosha kwa kidonda cha mguu. Ila kila sehemu iwepo. Sehemu inayoachwa mara nyingi ni ya tatu, daktari anaruka kutoka joto la nyuzi 38.9 hadi jina la dawa bila kusema aliwaza nini, na anayefuata hawezi kujua kama mwenzake aliwaza kichomi na kukiondoa, au hakukiwaza kabisa.

Kwenye dozi, sheria ndogo zinazookoa watu: andika 5 mg, usiandike 5.0 mg, kwa sababu nukta ikififia inasomeka 50. Andika 0.5 mg, usiandike .5 mg, kwa sababu nukta ikipotea inasomeka 5. Neno mikrogramu liandikwe lote. "Kutwa mara tatu" iandikwe kwa maneno, na pia kwa siku ngapi. Kwa mtoto, uzito wa leo uandikwe kando ya dozi, ili mtu wa dirisha la dawa aweze kupiga hesabu upya na kukukamata. Akikukamata, mshukuru; ndiyo kazi yake.

Kosa kwenye karatasi hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, kisha tarehe na sahihi. Wino mweupe wa kufuta usiwepo kituoni kabisa. Faili lililofutwafutwa halimtetei mtu mbele ya baraza lolote, hata pale ambapo aliyeandika hakuwa na hatia. Na maneno ya dharau yasiingie. Katika nchi nyingi mgonjwa ana haki kisheria kusoma faili lake na kuchukua nakala, na hata pasipo sheria hiyo, andika kana kwamba amesimama nyuma ya bega lako. "Mgonjwa msumbufu" haimsaidii anayefuata. "Amekuja mara nne mwezi huu kwa maumivu yaleyale, hajapata nafuu" inamsaidia sana, na huenda ikamfanya mtu awaze upya.

Nina neno fupi kwa watu wa masijala. Kituo chenye mafaili elfu chache kinaweza kupanga kwa namba mfululizo na kikaishi vizuri. Kikikua, mafaili mapya yote yanajazana kabati la mwisho, makarani wanabanana hapo hapo, na mafaili yanaanza kupotea. Njia iliyozoeleka ya kulitatua hilo ni kusoma namba kuanzia mwisho. Faili namba 04-17-62 linakwenda sehemu ya 62, ndani yake kundi la 17, ndani yake la 04. Sehemu ni mia, 00 hadi 99, na mafaili mapya yanajigawa yenyewe sawasawa katika kabati zote. Kila sehemu ikiwa na rangi yake ubavuni, faili lililowekwa pasipo pake linaonekana kwa macho kutoka mlangoni. Na faili lisitoke kabatini bila kadi kubaki mahali pake: namba, nani amelichukua, lini, kwa chumba gani. Kadi hiyo ni karatasi ngumu tu. Bila hiyo, kila faili linalotafutwa ni msako wa nyumba nzima.

Jambo la tatu ndilo ningelichagua kama mngeniruhusu kusema moja tu. Majibu ya vipimo.

Tuchukue mzee wa miaka 58 aliyelalamika uchovu. Daktari akaagiza kipimo cha damu, sampuli ikaenda maabara ya nje, mzee akaambiwa, "Kukiwa na tatizo tutakupigia." Baada ya siku nne majibu yakaja: damu imepungua sana. Karani akayapokea, akaona jina, akatafuta faili, akayabandika ndani vizuri, akarudisha faili kabatini. Kazi safi. Hakuna daktari aliyeyasoma. Simu haikupigwa. Mzee akakaa nyumbani akijua kwamba kimya ni habari njema, mpaka miezi mitano baadaye alipoanguka, ikajulikana alikuwa akivuja damu tumboni muda wote.

Kila mmoja alifanya kazi yake. Ndiyo ubaya wa hadithi hii, hakuna mvivu ndani yake. Palikosekana mtu au kitu cha kuuliza: kile tulichotuma, kimerudi? Kilichorudi, kimesomwa? Kilichosomwa, mgonjwa ameambiwa?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi wekeni daftari. Rejesta moja, safu wima nane: tarehe ya kutuma, jina na namba ya faili, kipimo, kimepelekwa wapi, tarehe majibu yaliporudi, nani ameyasoma, ameamua nini, mgonjwa ameambiwa lini na nani. Kila wiki, siku ileile, mtu mmoja anapitia rejesta na kutafuta nafasi tupu. Nafasi tupu ya safu ya tano kwa kipimo cha siku tatu, siku ya saba, ni simu kwa maabara. Nafasi tupu ya sita ni kugonga mlango wa daktari. Kama mnatumia kompyuta, programu nyingi zina orodha ya maombi ambayo hayajajibiwa; swali ni kama kuna mtu aliyepewa kuitazama. Orodha isiyo na mwenyewe haitazamwi.

Majibu yasiingie faili bila sahihi ya aliyesoma. Hili likiwa sheria kwa makarani, lile kosa la mzee wetu haliwezekani. Daktari akienda likizo, majibu yake yahamie kwa daktari aliyetajwa kwa jina. Ukiandika "daktari yeyote atakayekuwepo", hujamtaja mtu. Na ile kauli ya "kukiwa na tatizo tutakupigia" ife leo hii. Badala yake: "Majibu yatarudi ndani ya siku tano. Tutakujulisha yakiwa mazuri au mabaya. Ikifika Jumatatu hujasikia, piga namba hii." Hapo umempa mgonjwa mwenyewe nafasi ya kuwa mlinzi wa mwisho, na hakuna mlinzi mwenye hamu kuliko yeye.

Majibu ya hatari, kama sukari iliyoshuka mno, potasiamu iliyopanda mno, damu iliyopungua mno, hayasubiri karatasi. Maabara wanapiga simu. Anayepokea anaandika kwanza, kisha anasoma alichoandika, mpigaji anathibitisha. Majina ya wote wawili na saa vinaandikwa. Ukisikia kwa sikio na kupeleka kwa mdomo, 1.5 hufika ikiwa 5.

Na sampuli ibandikwe lebo mbele ya mgonjwa, baada ya damu kutoka, kabla hujasogea hatua moja. Chupa zilizobandikwa lebo asubuhi na kupangwa mezani zikisubiri wenyewe hubadilishana wenyewe. Sihitaji kuendelea hapo.

Jambo la nne ni ndugu, wenza, waajiri, na kila mwenye swali la "ninaomba tu kujua".

Mume anapiga simu. Ana sauti ya upole, anajua tarehe ya kuzaliwa ya mkewe, anajua alikuja jana. "Nataka tu kujua majibu yake yametoka?" Mhudumu anajibu, "Ndiyo yametoka, ila siwezi kukuambia." Anadhani ametunza siri. Je, ametunza? Amethibitisha kwamba mke alikuja, kwamba alipimwa, na kwamba kuna majibu. Pengine mke hakuwa amemwambia hata moja ya hayo. Jibu lililo salama ni moja kwa kila anayeuliza, awe mgonjwa yupo au hayupo kwenye kumbukumbu zetu: "Hatutoi taarifa za mtu yeyote kwa simu, wala hatusemi nani amekuja na nani hakuja. Mwenyewe akipenda, apige au aje." Likisemwa kwa kila mtu, haliashirii lolote. Likisemwa kwa wengine tu, limeshasema.

Mgonjwa akitaka mwenzi au mwanawe aambiwe, vizuri kabisa, aseme mwenyewe na iandikwe kwenye faili: nani, jambo gani, kuanzia lini. Ridhaa ya mwaka juzi kuhusu mguu uliovunjika si ridhaa ya leo kuhusu mimba. Kijana aje na mzazi, lakini sehemu ya mazungumzo iwe peke yake, na mzazi aelezwe mapema kwamba hivyo ndivyo tunavyofanya kwa vijana wote. Mtoto asifanywe mkalimani wa mama yake. Mama hatasema kilichomleta, na mtoto atabeba asichopaswa kubeba.

Mwajiri anahitaji kujua nini? Kwamba mtu hafai kazi kuanzia tarehe hii hadi hii, au anafaa kwa masharti fulani. Jina la ugonjwa si lake. Bima inahitaji zaidi, na inapata yale yanayohusu dai hilo tu, si faili zima kwa sababu mashine ya kunakili ilikuwa karibu. Yapo mazingira ambayo sheria hulazimisha kutoa: magonjwa ya kutolewa taarifa, amri ya mahakama, hatari ya wazi kwa mtoto au kwa mtu mwingine. Hata hapo, toa kile kilichoombwa tu, kwa maandishi, na uandike kwenye faili ulitoa nini, kwa nani, kwa msingi upi. Askari mwenye sare mlangoni si amri ya mahakama. Mkaribishe kwa heshima, mwite mkuu wa kituo, omba hati.

Kuhusu simu zetu na makundi ya WhatsApp nitasema haraka. Picha ya kidonda iliyotumwa kwa mwenzako kupata ushauri hubaki kwenye simu yako, kwenye simu yake, na kwenye hifadhi za mtandaoni ambazo huenda hamkumbuki mliziwasha. Omba ridhaa, ondoa uso na jina, futa baada ya kuiweka kwenye rekodi. Na kabla ya kubonyeza tuma kwa watu wengi, soma nani anaona nini. Mwaka 2015 kliniki moja jijini London, inayohudumia pia watu wanaoishi na VVU, ilituma jarida lake kwa baruapepe na kuweka anwani zote mahali ambapo kila mpokeaji aliziona. Anwani zilikuwa 781, na nyingi zilikuwa na majina kamili ya watu. Hakuna mwizi wala mdukuzi aliyehusika. Faini iliyotozwa mwaka uliofuata ilikuwa pauni 180,000.

Nimalizie na kompyuta, maana najua wapo humu wanaodhani kompyuta imemaliza matatizo yote niliyotaja.

Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilisambaa duniani ikifunga mafaili na kudai fidia. Uingereza, pamoja na hospitali, kliniki 595 za madaktari ziliambukizwa. Watu walifika kwenye miadi yao na hakuna aliyeweza kufungua rekodi. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ilimopenyea programu hiyo, kilikuwa kimetolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Kompyuta ambazo hazikuwekewa ndizo zilizoumia. Kwa hiyo ule ujumbe wa kusasisha mfumo ambao kila asubuhi mnabonyeza "baadaye", baadaye hiyo ina mwisho.

Finland iliona upande mwingine. Rekodi za kampuni ya tiba ya kisaikolojia, Vastaamo, ziliibwa, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kupokea baruapepe: lipa, au maelezo ya vikao vyako na mtaalamu yatawekwa hadharani. Walioathirika walikuwa makumi ya maelfu. Fikirini: mambo uliyomwambia mtu mmoja ndani ya chumba kilichofungwa mlango.

Kituo kidogo kifanye nini? Kila mtu awe na jina lake la kuingilia na nywila yake. Ile nywila moja iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta ya mapokezi inamaanisha kwamba siku mtu atakapofungua rekodi ya jirani yake kwa udadisi, mfumo utasema "mapokezi" ndiye aliyefungua. Mapokezi ni nani? Kumbukumbu za nani kafungua nini zipitiwe kila mwezi, hata kwa kuchagua rekodi ishirini bila mpangilio, na wahudumu wajue zinapitiwa. Skrini ijifunge baada ya dakika chache. Mtu anayeacha kazi afungiwe akaunti siku hiyohiyo, kabla ya keki ya kumuaga.

Nakala rudufu ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Diski inayoshinda imechomekwa kwenye kompyuta haihesabiki, kwa sababu kirusi kinachofunga kompyuta huifunga nayo. Kila baada ya miezi mitatu rudisheni rekodi chache kutoka kwenye nakala mwone kama zinafunguka. Wengi hugundua siku ya moto kwamba walikuwa wakinakili folda tupu.

Na umeme ukikatika? Sanduku moja mapokezi: fomu tupu za mgonjwa, za maabara na za dawa, kalamu, tochi, namba za simu muhimu kwenye karatasi, na orodha ya miadi ya kesho iliyochapishwa kila jioni na kuharibiwa kesho yake jioni. Mfumo ukirudi, yaliyoandikwa karatasini yaingizwe kwa saa halisi ya tukio, si saa ya kuchapa, na mtu wa pili ahakiki mizio na dozi.

Karatasi za zamani zikifika mwisho wa muda wa kuhifadhi unaotakiwa na sheria ya nchi, zichanwe kwa mashine inayokata pande mbili au zichomwe mkiwa mmesimama hapo, na iandikwe nini kimeharibiwa. Zisiuzwe kufungia bidhaa. Kompyuta kuukuu isitolewe zawadi na diski yake ndani.

Bado kosa litatokea. Likitokea, zuia kwanza: omba karatasi irudishwe, ujumbe ufutwe, akaunti ifungwe. Andika siku hiyohiyo, kabla watu hawajalinganisha kumbukumbu zao. Sheria nyingi za ulinzi wa taarifa binafsi zinadai mamlaka ijulishwe kwa muda mfupi. Ile ya Ulaya inatoa saa 72 tangu mlipogundua, basi jueni ya kwenu inasema saa ngapi kabla hamjaihitaji. Halafu mwiteni mgonjwa. Asisikie mtaani. Mwambieni kitu gani kimetoka, kwa nani, lini, mmeshafanya nini, na nini hamjui bado. Msimwambie "hakuna madhara", hilo atalipima yeye, kwa sababu ninyi hamjui anaishi na nani. Mpeni jina la mtu mmoja atakayemjibu, na namba ya simu inayopokelewa.

Wa mapokezi, nyoosheni mikono kwanza. Maswali yenu ndiyo tutakayoanza nayo.